Nchi zote zina katiba, bunge na uchaguzi. Demokrasia inatofautiana wapi na udikteta?

Mdadisi88

Wakuu, heshima kwenu. Nimepangiwa kuongoza mdahalo kuhusu tofauti ya serikali za kidemokrasia na zisizo za kidemokrasia, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Maelezo karibu yote yanaanza na yale yale: demokrasia ni serikali ya watu, iliyowekwa na watu, kwa ajili ya watu. Haya. Kisha inafuata orodha: katiba, bunge, mahakama, uchaguzi wa kila baada ya muda.

Sasa Korea Kaskazini inavyo vyote hivyo. Katiba ipo, bunge lipo, uchaguzi wa wabunge unafanyika, na kwa takwimu zao wenyewe karibu hakuna anayebaki nyumbani siku ya kura. Hata jina rasmi la nchi linasema ni ya kidemokrasia. Upande wa pili kuna Uingereza na Sweden, zenye wafalme ambao hakuna aliyewapigia kura, na hakuna anayeziita za kidikteta. Mtu akisimama mbele za watu akaniuliza hilo, nitajibu nini? Naomba msinipe tafsiri za vitabuni, hizo ninazo za kutosha.

Kipanga

Mkuu unajichosha bure. Kwenye demokrasia unamsema rais halafu unakwenda kulala kwako. Kwingine unamsema rais halafu unakwenda kulala wanakotaka wao. Mdahalo umekwisha.

Mwalimu Mstaafu

Kipanga anatania, lakini hayuko mbali. Nimefundisha uraia mpaka nikastaafu, na hakuna kitu nilichokichukia kama hiyo orodha ya katiba, bunge na mahakama. Mwanafunzi anaikariri, anapata alama zake, na hajaelewa chochote. Vyombo hivyo kila mtawala anavyo. Udikteta siku hizi hauji mtupu; unakuja na spika, tume ya uchaguzi na wino wa kidoleni.

Mimi huuliza hivi: aliyeko madarakani anaweza kushindwa? Na yule anayeshindwa, awe yeye au mpinzani wake, kesho yake yuko wapi?

Chukua iliyokuwa Ujerumani Mashariki, ambayo nayo jina lake rasmi lilikuwa Jamhuri ya Kidemokrasia. Mpiga kura alipewa karatasi yenye orodha moja ya wagombea, imeshapangwa. Kama anaikubali hakuhitaji hata kalamu: anaikunja, anaitumbukiza sandukuni, anaondoka. Kibanda cha faragha kilikuwepo. Sheria haikumkataza mtu kukitumia. Ila aliyekiendea alionekana na chumba kizima, maana mwenye kukubali hana cha kujificha. Ukitaka kuwaeleza watu namna haki inavyoweza kuwepo kwenye maandishi na isiwepo duniani, waonyeshe kibanda hicho.

Mei 1989 kukawa na uchaguzi wa serikali za mitaa. Baadhi ya raia wakaamua kusimama vituoni wakati wa kuhesabu, jambo lililoruhusiwa na sheria lakini halikuwa na wafuasi. Wakaandika walichokiona, wakajumlisha. Serikali ikatangaza asilimia 98.85 za kukubali. Kura za kukataa walizoziona wale raia kwenye vituo walivyosimamia zilikuwa nyingi mno kuliko zilizotangazwa. Na hapa ndipo nilipokuwa nikiwasimamisha wanafunzi wangu: hata kwa hesabu za wale raia, serikali ilikuwa imeshinda kwa mbali! Kwa nini basi uibe kura ulizokwisha kushinda? Kwa sababu mtu mmoja katika kumi akikataa na ikatangazwa, kila aliyekuwa akinung'unika peke yake anajua kwamba ana wenzake. Utawala wa aina ile hauogopi kushindwa kwa kura, kwa kuwa umeshaufunga mlango huo. Unachoogopa ni watu kujuana. Mwezi Novemba mwaka uleule ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Saddam Hussein wa Iraq naye mwaka 2002 alitangaza kwamba amekubaliwa kwa asilimia 100, hakusaza hata aliyekuwa mahututi siku hiyo.

Linganisha na Ghana. Duru ya pili ya uchaguzi wa 2008, John Atta Mills alimshinda Nana Akufo-Addo kwa tofauti ya kura kama 40,000 katika kura zipatazo milioni 9. Chama cha Akufo-Addo ndicho kilichokuwa madarakani, jeshi na hazina viko mikononi mwake. Kikakabidhi. Mwaka 2012 Akufo-Addo akashindwa tena, safari hii na John Mahama. Akaenda mahakamani, mwaka 2013 mahakama ikamkatalia, akatangaza kwamba anaukubali uamuzi ingawa haafikiani nao. Mwaka 2016 akamshinda Mahama. Mwaka 2020 Mahama akajaribu, akashindwa. Mwaka 2024 Mahama akashinda, na Januari 2025 akarudi Ikulu. Watu wawili wameshindwa mara kadhaa, kila mmoja akaenda zake kwake, akajipanga upya. Aliyeshindwa Ghana anaweza kungoja miaka minne kwa sababu anajua atakuwa hai, atakuwa huru, na sanduku litarudi. Mahali ambapo anayeshindwa anapoteza kila kitu, hakuna atakayekubali kushindwa, na mimi simlaumu sana.

Kuhusu wafalme: mfalme wa Uingereza hawezi kumfukuza mbunge wala kumfunga mwandishi. Anayetawala ni waziri mkuu, na huyo huondolewa. Hilo lisikupotezee muda.

Jambo jingine, usiwaambie watu kwamba viongozi wa nchi za kidemokrasia ni wema zaidi. Si kweli. Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, Rais Yoon Suk Yeol wa Korea Kusini alitangaza utawala wa kijeshi. Wanajeshi wakaingia kwenye jengo la bunge. Wabunge, wengine kwa kuruka uzio, wakaingia ukumbini 190, wakapiga kura wote 190 kulitengua tangazo, kabla hata saa tatu hazijapita tangu alipolitoa. Alfajiri rais akarudi nyuma. Tarehe 4 Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa, majaji wote wanane kwa sauti moja. Alikuwa na nia, alikuwa na askari. Alichokosa ni watu wa kutosha wa kumtii.

Mzee wa Hoja

Mwalimu shikamoo. Umesema vizuri, lakini mbona hugusi matokeo? China imewatoa watu mamia ya mamilioni kwenye umaskini bila mambo haya ya kupokezana Ikulu. Singapore chama kimoja kimetawala tangu 1959 na tunaitolea mfano kila siku. Mwenye njaa anataka chakula na barabara, hana habari na aliyeshindwa amelala wapi. Demokrasia nyingi ni kubadilisha wezi tu.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Singapore usiiweke kapu moja na China. Kule kuna wapinzani wa kweli na viti bungeni wanapata, kinachobishaniwa ni kama ushindani wenyewe ni wa haki. Na maendeleo ya China ni ya kweli, sibishi.

Lakini umetaja njaa, basi tubaki nayo, katika nchi ileile na chini ya chama kilekile. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mao Zedong, aliyekuwa kiongozi wa China, alitaka mavuno yapande kwa kasi isiyowezekana. Viongozi wa ngazi za chini, kwa kuogopa kuonekana wazembe, wakapeleka takwimu za uongo. Serikali ikachukua nafaka kwa mujibu wa takwimu hizo, vijiji vikabaki bila kitu. Mwaka 1959 waziri wa ulinzi, Peng Dehuai, alimwandikia Mao barua ya faragha, kwa adabu kabisa, kueleza kwamba mambo hayaendi. Akavuliwa uwaziri. Baada ya hapo nani tena angeandika? Njaa ikaendelea hadi 1961, na waliokufa ni makumi ya mamilioni.

India nayo ilikuwa maskini. Chini ya utawala wa Waingereza ilipata njaa ya Bengal mwaka 1943, watu wakafa kwa mamilioni. Tangu uhuru wa 1947 haijapata njaa ya kiwango hicho, ingawa utapiamlo haujaondoka. Mchumi Amartya Sen, ambaye aliiona njaa ya Bengal akiwa mtoto, anaeleza kwamba serikali inayosubiriwa na kura na kuandamwa na magazeti haiwezi kukaa kimya watu wakifa. Si huruma hiyo, ni kuogopa kung'olewa.

Kwa hiyo ndiyo, mtawala asiyeulizwa anaweza kujenga barabara haraka. Ila akikosea, habari ya kosa lake ndiyo inayomfikia mwisho. Kuhusu wezi hatubishani. Ninachotaka ni mwizi anayeweza kuondolewa bila risasi.

Mdadisi88

Mwalimu asante sana, hapa nimepata pa kuanzia. Swali la mwisho. Najua kuna atakayeitaja Tanzania ya chama kimoja. Pale hata mawaziri waliangushwa kwa kura. Kipimo chako kinasemaje?

Mwalimu Mstaafu

Kinakwama katikati, na ukiulizwa usijifanye hakikwami. Mwaka 1965 majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, chama tawala wakati ule, mmoja alama yake jembe na mwingine nyumba. Kampeni zilikuwa za kweli, na mawaziri walioanguka walianguka kweli. Lakini rais alikuwa mgombea peke yake, kura ni ndiyo au hapana, na chama hakikuwa na wa kukishinda. Unaweza kumtoa mtu, huwezi kuitoa serikali.

Kisha wape hili wabishane nalo. Mwaka 1991 Tume ya Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza watu wanataka mfumo gani. Karibu asilimia 80 wakasema chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Je, kwenda kinyume na walio wengi kulikuwa kwa kidemokrasia? Waache wapigane. Mimi nasema ndiyo, kwa sababu wale wachache hawakuomba kutawala, waliomba ruhusa ya kushindana. Walio wengi hawakunyang'anywa kitu: mwaka 1995 walikwenda vituoni, wakakuta vyama kadhaa kwenye karatasi, wakakirudisha CCM, chama kilichomrithi TANU.