Julai na watoto kwenye hifadhi za jangwani Marekani: tupeane uzoefu

Mama Wawili (Dallas)
Habari zenu wadau. Mwaka huu nimewaahidi watoto kwamba hatutamaliza Julai nzima sebuleni chini ya kiyoyozi. Wa kiume ana miaka 12, yuko kwenye ule umri wa kujibu "sawa tu" kwa kila kitu. Mdogo wake wa kike ana 10, kamaliza darasa la nne, na huyu anauliza mpaka unachoka. Baba yao kapata likizo ya siku tisa. Anataka Utah kwa sababu ya picha alizoziona, mimi naogopa joto. Ushauri wa kwenye vipeperushi ninao tele. Aliyewahi kwenda na watoto wa umri huu aseme alikwenda wapi, nini kiliharibika, na kama angerudi. Nawasilisha.

Mkwezi
Dada, sisi ilikuwa Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, ukingo wa kusini. Watu wanasahau kwamba pale juu ni kama mita 2,100, asubuhi unaweza kuvaa sweta. Mtego uko chini. Njia ya Bright Angel inateremka, upepo upo, watoto wanakimbia kama mbuzi, na kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyopanda. Mlima wa kwetu unaanza na taabu unamaliza na mteremko. Hapa mteremko unakuja kwanza, deni unalipa ukiwa umeshachoka.

Wangu wa miaka 11 aliomba tufike kibanda cha kwanza cha kupumzikia, maili moja na nusu. Kushuka dakika 40. Kupanda saa mbili kasoro, na mwishoni alikuwa analia bila sauti, machozi tu, hataki mdogo wake aone. Maji tulikuwa nayo ya kutosha, tulichokosa ni chumvi. Mzee mmoja aliyekuwa anapanda nyuma yetu akampa pakiti ya karanga za chumvi. Baada ya muda mtoto akaanza kuongea tena.

Halafu kuna kindi. Wa pale wamezoea watu na wanang'ata. Mmoja alichomoa chapati kwenye mfuko wa begi letu, imefungwa kwenye foili, akaifungua taratibu kama aliyeifunga ni yeye.

Ningerudi, ila watoto ningewatembeza njia ya ukingoni. Kuteremka iwe kidogo, na kabla ya saa mbili asubuhi.

Mama Nuru
Hiyo Utah ya mumeo nimeifanya: hifadhi za Zion, Bryce na Arches, siku saba.

Zion ndipo watoto walipofurahi na ndipo mimi nilipoogopa. Msimu huo magari binafsi hayaingii ndani ya bonde, unapanda basi la hifadhi. Unashuka kituo cha mwisho, unatembea mpaka njia inaisha na mto unaanza, kisha unaendelea humo humo mtoni na viatu vyako. Kuta za mwamba zimekubana huku na huku, maji magotini kwa mama, mapajani kwa mtoto. Huko nyuma ulikotoka kuna nyuzi karibu 40, hapa kivuli na maji ya baridi. Lakini Julai na Agosti ni msimu wa radi za mchana. Mvua inanyesha mbali, wewe huioni hata wingu, mto unakuja na magogo. Soma tangazo la mafuriko kila asubuhi. Siku yetu ya pili lilikuwa baya, tukafuta safari, binti akaninunia mpaka jioni. Acha anune. Na wasiyameze yale maji wala kuzamisha kichwa, tangu 2020 hifadhi inatahadharisha kuhusu sumu inayotokana na mwani.

Bryce niliidharau kwenye ramani, ikaja kuwa tamu kuliko zote. Iko juu, mita 2,400 na zaidi, usiku tulitafutana mablanketi. Unateremka katikati ya nguzo za mawe mekundu, watoto wakaanza kuzipa majina ya shangazi zao.

Arches tulikosea saa. Tulianza kwenda Delicate Arch, lile tao maarufu la mwamba, saa nne asubuhi, karibu kilomita tano kwenda na kurudi, mwamba mtupu, hakuna kivuli hata cha kuku. Tuligeuka nusu ya njia. Lile tao tunalo kwenye kalenda.

Kaka Mtwapa
Death Valley, lile bonde la jangwa kule California, usijaribu. Kijana wangu alitaka kupiga picha na kipimajoto cha Furnace Creek, pale iliposomwa nyuzi 56.7 mwaka 1913. Tulipiga, tukarudi garini. Likizo ya dakika nne.

Mti Mkavu
Mkipita Arizona kuelekea Monument Valley, angalieni saa. Kiangazi Arizona haisogezi saa mbele kama majimbo mengine, ila ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili, ambako ndiko Monument Valley iliko, inasogeza. Simu yangu ilikuwa inarukaruka njiani kama imepagawa. Tulifika kwenye ziara tuliyolipia tukakuta gari limeondoka saa nzima iliyopita. Pesa haikurudi.

Njiani tulisimama Petrified Forest, magogo yaliyogeuka mawe zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Kuokota hata kipande ni marufuku. Wapo walioiba, kisha wakakirudisha kwa posta na barua ya kuomba radhi, eti tangu siku hiyo mikosi haiwaishi. Mke wangu akasema hao wamesomewa albadiri. Wanangu walikung'uta viatu kabla ya kuingia garini.

Bi Shamba (El Paso)
Mama Wawili, uko Dallas, kwa nini ukimbilie Utah? New Mexico iko jirani.

Anza Carlsbad Caverns. Nje panawaka, ndani ya pango ni nyuzi 13 mwaka mzima. Nafasi ya kuingia unaweka mapema mtandaoni. Tulishuka kwa miguu kupitia mdomo wa pango, mizunguko mizunguko, harufu ya mavi ya popo inakupokea mlangoni, kisha giza linameza sauti. Kurudi juu kuna lifti, magoti yako yatakushukuru. Jioni mnakaa pale mdomoni kwenye ngazi za mawe, simu zote zimezimwa, ni amri, zinawasumbua popo. Kijana wangu wa miaka 12 alilalamika dakika ishirini. Halafu wakaanza kutoka, wachache kwanza, kisha kama moshi, wanazunguka wakipanda, unasikia mbawa zao. Hakusema neno. Mimi nilikuwa namtazama yeye, popo sikuwaona vizuri.

Siku ya pili nenda White Sands. Mchanga ni wa jasi, mweupe kama chumvi, haushiki joto, wanatembea peku hata mchana. Dukani wanauza visahani vya plastiki vya kutelezea, na nta ya kupaka chini. Ila jua halina huruma. Agosti 2015 mume na mke kutoka Ufaransa walifariki kwenye njia ya Alkali Flat, kilomita nane tu, mtoto wao wa miaka 9 akapona. Sisi tuliingia saa kumi na moja jioni, tukacheza karibu na gari mpaka jua likazama. Piga simu kabla ya kwenda, kuna siku barabara inafungwa kwa majaribio ya makombora.

Na huyo wa darasa la nne ni mtaji! Mpango wa Every Kid Outdoors, wa watoto wa darasa la nne, unampa kibali cha bure cha kuingia hifadhini mpaka 31 Agosti, gari zima linaingia naye. Ukichape kwenye karatasi, sisi tulipoonyesha cha kwenye simu walikikataa.

Mama Wawili (Dallas)
Asanteni sana. Baba watoto kasoma uzi wote, kafika kwenye chapati ya Mkwezi akacheka mpaka akakohoa. Tumekubaliana: Carlsbad usiku mbili, White Sands mbili, Utah tuiache mpaka mwaka ambao Juni itakuwa na likizo. Kibali nimeshakichapa nakala tatu.

Bi Shamba, kwa pangoni sweta ya shule inatosha?

Bi Shamba (El Paso)
Inatosha. Ongeza viatu visivyoteleza, sakafu ina maji.