Ticha wa tuisheni, jiwe la gramu 25 linatoaje chokaa gramu 224?

Wakuu, salaam. Nina hasira, kwa hiyo lugha ikiteleza mnivumilie.

Binti yangu yuko kidato cha tatu hapa Dodoma. Mimi nauza vifaa vya ujenzi Nkuhungu, na kila mwezi natoa elfu thelathini ya tuisheni ya kemia, watoto wamebanana kwenye banda la bati mpaka wengine wanaandikia mapajani. Hilo nilishalimeza. Juzi jioni wateja wamepungua, nikachukua daftari lake nikalifungua juu ya kaunta.

Swali: gramu 25 za kalsiamu kaboneti zimechomwa, utapata gramu ngapi za kalsiamu oksaidi? Mawe ya chokaa hayo, jamani. Moli ni fungu la kuhesabia chembe, kama dazeni; moli moja ya mawe hayo ina gramu 100, ya chokaa gramu 56. Mtoto kaandika 100 gawanya kwa 25, moli 4. Kisha 4 mara 56, gramu 224. Ningekuwa na tanuru la hivyo, unaingiza kilo 25 za mawe unatoa kilo 224 za chokaa, saa hizi nishafunga duka najenga Iyumbu.

"Mama, hii 100 umeiweka juu kwa nini?"

"Baba, nimefuata pembetatu."

Mnaijua. Gramu juu, moli na uzito wa moli moja chini, unafunika kwa kidole unachokitafuta. Kaichora kwa rula, safi kabisa, ila m ndogo (gramu ulizonazo) na M kubwa (uzito wa moli moja) zimebadilishana viti. Na hakuna namba hata moja yenye kipimo pembeni yake! Angeandika "gramu 100 kwa kila moli 1" angeona mwenyewe kwamba gramu 25 hazifiki hata moli moja, ni robo tu. Moli moja ya mawe inatoa moli moja ya chokaa, kwa hiyo ni robo ya 56, gramu 14. Gramu 11 zilizobaki zimepaa, ndiyo kaboni dayoksaidi. 14 na 11 ni 25, mzani umekaa. Ticha kapiga kosa, kaandika "rudia kanuni", basi.

Kilichonipandisha presha ni ukurasa wa pili. Gramu 4 za haidrojeni zinataka oksijeni gramu ngapi ziungue zote ziwe maji? Mtoto kaona kwenye mlinganyo 2 mbele ya haidrojeni, oksijeni 1, akaandika gramu 2. Na ticha kaweka VEMA. Nyekundu, kubwa, na sahihi yake chini.

Ni gramu 32, wakuu! Haidrojeni gramu 4 ni moli 2, zinataka oksijeni moli 1, na moli hiyo ina gramu 32. Zile namba za mbele zinahesabu, hazipimi uzito. Dukani kwangu bolti moja inataka nati moja na washa mbili, na vyote nauza kwa kilo. Hajawahi kuja fundi akaniambia nimpimie kilo moja ya bolti na kilo mbili za washa eti zitatoshana. Atabaki na washa za kugawia mtaa mzima. Kwanza unajua kilo ile ina bolti ngapi, ndipo unahesabu washa, ndipo unarudi kwenye mzani. Nilimwaga bolti juu ya kaunta, dakika kumi tu, binti akafanya maswali manne bila kuchora pembetatu. (Moja alikosa, alisahau atomu za oksijeni hutembea mbili mbili, akatumia 16 ya atomu moja badala ya 32. Hilo hata mimi lilinitesa enzi zangu.)

Nikampigia ticha. "Mzee, mtihani unataka kanuni," akakata.

Anayemjua mwalimu wa kemia huku Nkuhungu, Kizota au Chang'ombe, anayelazimisha watoto kuandika vipimo, anishtue inbox. Mtakaokuja na "mhamishe shule", piteni tu.

Huyu wa sasa ada ya mwezi huu siilipi mpaka anioneshe zile gramu 199 za ziada zimetoka wapi.