Kamera ya kwanza ya kurikodi mpira, Pemba: tuna laki tisa, ninunue ipi?

KijanaWaWete

Asalaam aleikum wapenzi wa michezo na mafundi wa video. Timu yetu ya vijana ya mtaani imenikabidhi kazi ya kurikodi mechi, na wazee wamechanga laki tisa. Humo humo itoke kamera, memori kadi na stendi. Mpaka sasa tunatumia simu, na simu ukivuta picha kidogo tu, jezi namba 1 na namba 7 huzitambui. Kocha anataka kuwaonesha vijana wanavyojipanga, na vijana wenyewe wanataka vipande vya kupeleka kwa timu za Unguja na bara. Mechi nyingi zinaanza saa kumi za alasiri kwenye viwanja vya wazi, mara moja moja tunapata nafasi ya uwanja mkubwa wa Gombani.

Nimeoneshwa mbili, zote zimetumika. Moja ni Canon EOS 700D na lenzi yake ya 18-55. Ya pili ni Sony HDR-CX680 iliyotoka Japani, ile ya kushika kiganjani. Wenzangu wote wanataka Canon kwa sababu inaonekana ya kazi. Mie bado sijaamua, naomba mnisaidie.

Fundi wa Chake

Waaleikum salaam mdogo wangu. Chukua hiyo Sony, na usione haya watu wakikwambia umenunua kidude cha mtoto. Mpira ndio kazi yangu ya kila wiki, na kamera za namna zote mbili zimepita mikononi mwangu.

Kiangalie kiwanja kwanza. Urefu wake ni kama mita 100. Ukisimama katikati, kila kona iko mita 50 upande wako, na hapo hujahesabu nafasi kati yako na mstari. Lenzi ya 18-55 inavuta mara tatu tu, basi mpiga kona bado atakuwa mdogo. CX680 inavuta mara 30 kwa lenzi yenyewe. Unaanza na nusu kiwanja, unamalizia na namba mgongoni, bila kubadilisha chochote. Kutaka mvuto kama huo kwenye 700D ni kununua lenzi nyengine, na laki tisa haifiki huko. Tena utaona kwenye boksi la kamera yoyote namba kubwa kubwa za kuvuta. Uliza lenzi peke yake inavuta mara ngapi. Hizo nyengine ni mashine inakata kipande cha katikati na kukitanua, ndio yale yale yanayokukera kwenye simu.

Halafu kuna muda. 700D ikifika dakika 29 na sekunde 59 inasimama kurikodi. Kamera nyingi za picha za miaka ile ziliwekewa mpaka huo kwa ajili ya ushuru wa Ulaya: inayorikodi nusu saa mfululizo au zaidi ilihesabiwa kamera ya video na kutozwa zaidi. Kipindi cha mpira ni dakika 45. Bao la dakika ya 30 linaingia wewe kidole kiko kwenye kitufe, na kijana aliyefunga atakuja kukuuliza video yake iko wapi. Utamwambia nini?

Lakini hiyo ya Japani ikague vizuri. Menyu za kamera za soko la kule mara nyingi ni Kijapani kitupu, kwa hivyo kaa na mtu anayezijua akuoneshe pa kubadilisha ubora na kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga. Mulika tochi ya simu ndani ya lenzi. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, huo ni ukungu wa kuvu ulioota ndani, iache hapo hapo. Vuta mpaka mwisho na urudi huku unasikiliza mota, isikwaruze. Rikodi robo saa mbele ya muuzaji kwa kadi yako mwenyewe. Betri ikiporomoka, bei ya betri mpya aipunguze yeye.

Jambo jengine: zile za Japani zinarikodi kwa mpigo wa picha 60 kwa sekunde, na umeme wetu ni hezi 50, yaani mpigo wa 50 kwa sekunde, haviendi pamoja. Mchana huoni kitu. Usiku chini ya taa picha inaweza kupwita, mwanga unapanda unashuka. Weka shata 1/100 ya sekunde, itatulia.

Studio Mkunazini

Fundi nakuheshimu, ila hapa sikubaliani nawe moja kwa moja. Sensa ya 700D, ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga, ni kubwa kwa mbali. Mechi ikichelewa kuanza na jua likaanza kuzama, hiyo Sony itatoa chenga chenga na picha itakuwa ya kijivu. Na kijana akiwa na Canon anaweza kupiga harusi na mahafali ya skuli, akapata pesa za kuihudumia kamera yenyewe. Kamera ya michezo peke yake haimlishi mtu.

Fundi wa Chake

Kweli kabisa kuhusu kiza, na angekuwa anarikodi mechi za usiku pale uwanja wa Amaan, Unguja, ningemwambia asubiri achange zaidi. Lakini yeye mechi zake ni za saa kumi, zinakwisha kabla ya magharibi. Na pesa hizi zimechangwa na wazee kwa ajili ya timu. Nazitakia zitoe kile walichochangia.

Kocha wa Netiboli

Wanangu, naomba niseme upande wa kocha, maana mnazungumza kamera tu. Mie nipo Unguja, nafundisha netiboli, na video nnazoletewa karibu zote zina kasoro moja: mrikodi anaufuata mpira. Nnachotaka kukiona ni yule mlinzi aliyelala upande wa pili wakati mpira uko mbali naye. Mpira ukijaa kwenye kioo, yeye hayumo.

Kwa hivyo mwanangu wa Wete, kaa mbali kidogo na mvuto wako, uoneshe angalau thuluthi ya kiwanja muda wote, na umfuate mtu mmoja pale tu mchezo unaposimama: mpira wa adhabu, kona, kubadilisha mchezaji. Ile simu yenu msiitupe. Ifungeni juu ya mlingoti au ukuta, irikodi kiwanja chote bila kuguswa. Ya kwangu mie ndio hiyo ya simu. Sony wape vijana na vipande vyao. Netiboli kwetu ni rahisi, kiwanja ni mita 30 na nusu kwa 15 na robo, kinaingia chote.

KijanaWaWete

Mwalimu, hilo la simu sikuwa nimelifikiria kabisa, nashukuru sana. Nitaifuata Sony. Kaka Fundi, stendi niangalie nini? Na kiwanja kisicho na jukwaa nisimame wapi?

Fundi wa Chake

Stendi usiibanie pesa. Zile nyepesi za kuwekea simu, ukigeuza kamera inakwenda kwa kushtuka shtuka, na ukivuta mara 20 kila mshtuko unaonekana. Tafuta yenye kichwa cha mafuta ndani, hata ikiwa imetumika. Kaskazi au kusi ikivuma, ning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu.

Pa kusimama ni mstari wa kati, upande wa magharibi, jua la alasiri liwe mgongoni kwako. Pakikosekana jukwaa, omba upande juu ya pikapu au kwenye kibaraza. Hata mita mbili juu zinakutenganishia wachezaji waliopangana. Fokasi na mwanga vifunge kwa mkono kabla ya filimbi, la sivyo mtu akipita mbele, kamera inamfuata yeye.

Ubora usipandishe kuliko haja. Kwa megabiti 28 kwa sekunde, saa moja inakula kama GB 13, mechi nzima ni kama GB 20. Kadi mbili za GB 64 zinakutosha. Na ukilala na kamera kwenye chumba chenye eyakondishi, itoe ikiwa ndani ya begi lake nusu saa kabla ya mechi, kwa sababu joto la nje likiikuta baridi lenzi inashika mvuke.