Wifi ya simu hukatika skrini ikifungwa: kosa ni la simu au la ruta?

mlinda_bando

Wakuu, habari zenu. Simu ni ya Android 13, na wifi yake hukatika skrini ikiwa imefungwa. Nikiwasha skrini alama ya wifi haipo, kisha baada ya sekunde tatu au nne inarudi yenyewe bila kuuliza nenosiri. Data ya simu ikiwa imewashwa, inahamia huko kimyakimya na kula bando. Ikiwa imezimwa, ujumbe hauingii mpaka niguse skrini.

Muda wa kukatika haueleweki: mara dakika tano baada ya kufunga, mara karibu saa nzima. Kompyuta iliyo kwenye ruta hiyohiyo haikatiki. Hali ya kuokoa betri nimeshaizima na hakuna kilichobadilika. Ile menyu ya zamani ya kuacha wifi ikiwa imewashwa wakati simu imelala siioni popote. Imekwenda wapi, na nianzie wapi kutafuta chanzo?

fundi_masafa

Mkuu, menyu hiyo haipo tena kwenye Android za sasa. Ilikuwa na machaguo matatu (daima, wakati wa kuchaji tu, kamwe), na siku hizi simu huchukulia kwamba jibu ni daima. Programu zinazodai kuirudisha achana nazo. Nyingi huishia kuamsha simu kila mara, na betri ndiyo inayoumia.

Usiguse mpangilio wowote kabla hujajua nani anakata. Kuna hali tatu: simu imekata yenyewe, ruta imeifukuza simu, au hakuna aliyekata chochote ila programu zimezuiwa kutumia intaneti. Wewe unasema alama ya wifi inapotea kabisa, kwa hiyo hali ya tatu si yako. Zimebaki mbili, na logi ya simu (rekodi ya matukio yake) inazitenganisha.

Nenda Mipangilio, Kuhusu simu, gusa namba ya muundo mara 7 ili machaguo ya wasanidi yafunguke, kisha washa utatuzi wa USB. Chomeka simu kwenye kompyuta yenye adb (programu ya kuipa simu amri kutoka kompyuta), andika:

`adb logcat -G 16M`
`adb logcat -c`

Amri ya kwanza inapanua nafasi ya logi hadi megabaiti 16 ili matukio ya mwanzo yasifutwe na yanayofuata. Ya pili inasafisha yaliyomo. Sasa chomoa kebo, na hapa ndipo wengi hukosea: simu iliyo kwenye chaji hailali usingizi kamili, hivyo ukipima kebo ikiwa imechomekwa unaweza kuona kila kitu kiko salama. Funga skrini, iache mezani bila kuguswa kwa zaidi ya saa mbili, kisha chomeka tena:

`adb logcat -d | grep CTRL-EVENT-DISCONNECTED`

Kwenye Windows weka `findstr` badala ya `grep`. Kila mstari utakaotokea una saa ya tukio na namba ya sababu mbele ya neno `reason`. Ukiona pia `locally_generated=1`, simu ndiyo iliyokata. Maneno hayo yasipokuwepo, amri ya kukata imetoka kwa ruta.

Namba za kuzijua: 4 ni kifaa kuhesabiwa kwamba kimekaa kimya mno; 15 ni kushindwa kukubaliana funguo wakati wa kuunganisha; 16 ni kushindwa kupokea ufunguo mpya wa kundi. Namba 4 ikija pamoja na `locally_generated=1`, mara nyingi maana yake ni simu kuacha kuzisikia ishara za ruta, kwa hiyo angalia umbali na kuta kabla ya mipangilio.

haraka_haraka

Mbona mnazunguka? Weka upya mipangilio ya mtandao, dakika moja imekwisha.

fundi_masafa

Hatua hiyo inafuta mitandao yote ya wifi iliyohifadhiwa pamoja na vifaa vya bluetooth vilivyounganishwa. Inasaidia pale ambapo taarifa za mtandao zilizohifadhiwa zimeharibika, na dalili ya hilo ni kushindwa kuunganisha hata skrini ikiwa inawaka. Simu hii inaunganisha ndani ya sekunde nne. Kusahau mtandao huo mmoja na kuuingiza upya kunatosha, na hata hilo sitarajii litatue.

usingizi_wa_betri

Naongeza kipimo kingine kisichohitaji kompyuta. Angalia saa, si muda tu. Kama kukatika kunahesabika tangu ulipofunga skrini (kila mara dakika 10 baada ya kufunga, kwa mfano), chanzo kiko ndani ya simu: ratiba ya kuokoa betri, programu ya kusafisha kumbukumbu, au programu ya kiotomatiki iliyopewa kazi ya kuzima wifi. Kama muda kutoka kufunga hadi kukatika unarukaruka, kuna saa nyingine inayohesabu mahali pengine, na mahali hapo kwa kawaida ni ruta. Mara dakika tano, mara karibu saa nzima: mimi ningeanza na ruta.

Na tusiwachanganye watu kuhusu Doze, yaani usingizi wa Android wa kuokoa betri, maana ndiyo inayolaumiwa kila mara. Ilikuja na Android 6.0 mwaka 2015, na 7.0 ya mwaka 2016 ikaongeza hatua nyepesi inayofanya kazi hata simu ikiwa mfukoni inatembea. Doze inazizuia programu kutumia mtandao, inaahirisha kazi na usawazishaji, kisha inafungua vipindi vifupi ili zimalize shughuli zao. Haiivunji wifi. Ujumbe wenye kipaumbele cha juu unaopitia huduma ya Google bado unapita.

Ila kuna jambo moja la Doze linalokuhusu. Ikishaingia usingizi mzito, simu haifanyi utafutaji wa mitandao ya wifi. Kwa hiyo ruta ikiifukuza wakati huo, kosa la sekunde moja linageuka kuwa saa nzima bila wifi, mpaka uguse skrini. Ndiyo maana inarudi haraka ukiiwasha. Kompyuta yako huenda nayo inafukuzwa, ila inarudi papo hapo na hakuna anayejua.

Kwa wasomaji wenye ile hali ya tatu, yaani alama ya wifi ipo ila ujumbe hauingii: fungua taarifa za programu husika, sehemu ya betri, uipe ruhusa ya kufanya kazi bila vizuizi. Kwenye Samsung angalia pia orodha ya programu zilizolazwa, ndani ya betri kwenye vikomo vya matumizi ya chinichini, uitoe humo. Kwenye Xiaomi kuna ruhusa ya pili ya programu kujiwasha yenyewe, na bila hiyo ile ya kwanza pekee haitoshi. Usizipe ruhusa programu zote. Zipe zile mbili tatu ambazo ujumbe wake hauwezi kusubiri.

pakiti_moja

Onyo kwa atakayejaribu kupima kwa `ping` (amri ya kutuma pakiti na kungoja jibu) kutoka kompyuta kwenda kwenye simu. Simu iliyolala inajibu kwa kuchelewa, milisekunde 100 hadi 300 au zaidi, na pengine haijibu kabisa ingawa bado imeunganishwa. Redio ya wifi inalala na kuamka kwa ratiba: ruta hutangaza ishara yake kila milisekunde 102.4, na simu haiamki kusikiliza kila moja. Juu ya hapo, Android ina kichujio kinachotupa baadhi ya pakiti bila kuamsha prosesa.

Kwa hiyo `ping` kukosa jibu si ushahidi wa kukatika. Ingia ukurasa wa ruta, orodha ya vifaa vya wifi, utazame muda ambao simu imekuwa imeunganishwa. Ukianza upya kutoka sifuri, imekatika kweli. Ukiendelea kukua, haijakatika.

Ukiwa humo, ruta yako ina sehemu ya kubadili ufunguo wa kundi? Imeandikwa muda gani?

mlinda_bando

Asanteni sana. Nimefuata hatua za logi. Mistari ni miwili:

`14:12:07 CTRL-EVENT-DISCONNECTED reason=16`
`15:12:07 CTRL-EVENT-DISCONNECTED reason=16`

Hakuna `locally_generated`. Kati ya matukio hayo niliwasha skrini mara moja tu, ikaunganika, nikaifunga tena. Kwenye ruta, muda wa kubadili ufunguo wa kundi ni 3600.

pakiti_moja

Basi umempata. 3600 ni sekunde, yaani saa moja, na mistari yako imepishana saa moja kamili.

Kinachotokea ni hiki. Kila kifaa kina ufunguo wake wa peke yake na ruta, lakini matangazo yanayokwenda kwa vifaa vyote husimbwa kwa ufunguo mmoja wa kundi. Kila muda uliowekwa ukitimia, ruta hutengeneza ufunguo mpya na kumpelekea kila mmoja, na kila mmoja lazima ajibu kwamba ameupokea. Ruta nyingi hutumia hostapd, programu inayoendesha wifi ndani ya ruta, ambayo kwa kawaida hujaribu mara 4 na kungoja takriban sekunde moja kila mara. Simu ambayo redio yake imelala mno, au ambayo programu yake ya wifi inachelewa kuamka, inaikosa nafasi hiyo. Ruta inaiondoa kwa sababu namba 16. Ukifunga simu saa 14:07 utaona imekatika baada ya dakika tano. Ukifunga 14:13 utaona imekaa karibu saa nzima. Hiyo ndiyo "haueleweki" yako.

Rekebisha hivi: weka 86400, yaani mara moja kwa siku. Baadhi ya kurasa hupokea dakika badala ya sekunde, kwa hiyo soma kipimo kilichoandikwa kando, maana 86400 za dakika ni siku 60. Sishauri kuweka 0. Hiyo inazima ubadilishaji kabisa, na kifaa kilichowahi kupewa nenosiri kikaondoka kinabaki na ufunguo wa kundi unaofanya kazi mpaka ruta iwashwe upya. Hifadhi, acha wifi ijiwashe upya, urudie kipimo kilekile cha logi bila kubadilisha kingine chochote.

Wenye OpenWrt (mfumo huria wa ruta):

`uci set wireless.default_radio0.wpa_group_rekey='86400'`
`uci commit wireless`
`wifi reload`

Hakikisha jina la `default_radio0` linalingana na lako kwa `uci show wireless`. Kama una bendi mbili, fanya hivyo kwa zote mbili.

fundi_masafa

Kwa walio na OpenWrt, kuna kosa jingine lenye sura hii hii. Fungua `logread -f`. Ukiona maneno `disconnected due to excessive missing ACKs`, ruta imeona pakiti nyingi hazikujibiwa ikaamua simu imeondoka, kumbe imelala. Zima kwa `disassoc_low_ack='0'` kwenye sehemu hiyohiyo. Ukiona `disassociated due to inactivity`, ongeza `max_inactivity`; kawaida yake ni sekunde 300, jaribu 900.

Hata ruta za kawaida angalia muda wa kukodisha anwani ya IP. Simu hujaribu kuuongeza nusu ya muda ikifika. Ukiwekwa dakika chache, simu iliyolala inaweza kuupitiliza. Saa 24 zinafaa nyumbani.

mlinda_bando

Nimeweka 86400 na kurudia kipimo, safari hii usiku kucha. Hakuna mstari hata mmoja, na muda wa kuunganishwa kwenye ruta haukuanza upya. Swali la mwisho: kuna simu nyingine hapa, iko bendi ya 5 GHz, nayo hukatika ikiwa imefungwa ila si kwa saa maalumu. Namba 16 haionekani kwake.

usingizi_wa_betri

Angalia chaneli. Zile za 52 hadi 144 ni za kushirikiana na rada. Ruta ikihisi rada lazima iondoke hapo na kuhamia chaneli nyingine, na tangazo la kuhama linabebwa na zile ishara ambazo simu iliyolala haizisikilizi zote. Inaachwa nyuma kwenye chaneli tupu. Toa chaneli kwenye hali ya kujichagulia, weka 36, 40, 44 au 48. Kama ruta inatumia jina moja kwa bendi zote mbili na inavisukuma vifaa kati yake, zima usukumaji huo wakati wa kupima.

Ikiendelea, chukua logi yake kama ulivyofanya kwa ya kwanza, uiweke hapa pamoja na namba ya chaneli.