Tupeane uzoefu: ulipoweka Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) mara ya kwanza ulikwama wapi, ukajinasuaje?

Mleta mada
Wakuu, naanza na yangu. Nilishusha Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, kwa bando la usiku, nikaiwasha kwenye flashi: sauti ipo, Wi-Fi inashika, raha tupu. Kufika hatua ya kuchagua diski, diski haipo! Inaonekana flashi yangu tu. Narudi Windows, SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya GB 256 ipo na mafaili yote. Siku tatu nzima nikaamini SSD inakufa.

Kumbe kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) diski ilikuwa imepangwa iendeshwe kwa RST, ambayo Linux haikuisoma, si kwa AHCI. Ila msikimbilie kubadili, maana Windows inaweza kugoma kuwaka. Nilifungua msconfig kwanza (programu ya Windows ya kupanga itakavyowaka), nikaiagiza Windows iwake katika hali salama, nikazima, nikaingia BIOS na kuweka AHCI. Ikawaka, nikarudi msconfig kuondoa lile agizo. Nilipowasha tena flashi, diski hiyo hapo. Kama unatumia BitLocker (kufuli la Windows la kufunga diski), usiguse BIOS kabla hujaandika pembeni ule ufunguo wa tarakimu 48.

Naomba kila mtu aeleze alipokwama. Wengi wanakata tamaa siku ya kwanza wakidhani mashine ni mbovu.

Mchangiaji wa 2
Kioo cheusi. Nilibonyeza e kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha), nikaongeza nomodeset mwisho wa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Ikawaka, nikaweka draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya kadi ya picha, na tangu hapo haijasumbua.

Mchangiaji wa 3
Kwangu ni Wi-Fi. Draiva inatakiwa ishushwe mtandaoni, na mtandao wenyewe ndio huna! Nilichomeka simu kwa waya wa USB, nikawasha kushea intaneti kwa USB, kompyuta ikaipokea papo hapo. Nilihangaika wiki nzima na waya wa kuchajia ulikuwa mezani.

Mchangiaji wa 4
Mimi ni saa. Kila nikitoka Linux kurudi Windows, saa imerudi nyuma kwa masaa matatu kamili. Linux huitunza saa ya mashine kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko UTC+3. Dawa, iagize Linux itumie saa ya hapa; andika kwenye terminali (dirisha la kuandika amri): timedatectl set-local-rtc 1

Mchangiaji wa 5
Jana nilichagua kufuta diski yote nikidhani kitafutwa kipande kimoja tu. Picha za marehemu mama zilikuwa humo. Sina nakala.

Mleta mada
Pole sana, ndugu yangu. Ni SSD au ile ya kuzunguka? Kama ni ya kuzunguka bado kuna nafasi. Izime sasa hivi, usiandike chochote juu yake. Iwashe kwa flashi, chomeka diski ya nje, endesha PhotoRec (programu ya kurejesha mafaili yaliyofutwa) na picha zote zihifadhiwe kwenye hiyo ya nje. Majina ya mafaili yatapotea, lakini picha zenyewe zinaweza kurudi. Ukikwama niandikie hapahapa, niko macho.