Msasa wa perseze ndani ya mabakuli: diski zinaruka, na bei inauma

Katuba_Mbao
Salamu wakubwa. Nakereza mabakuli ya mbao za mulombwa na mukula, ya sentimita 20 hadi 28. Msasa napiga kwa perseze (drili) yenye kitako cha sponji na velkro, diski za milimita 50. Diski zinaruka kabla hazijaisha makali. Ndani, sehemu mbili zinazotazamana zinabaki na nyuzi zilizong'oka, hata nikikaa na msasa mnene wa namba 80 muda mrefu. Halafu nikipaka mafuta, mikwaruzo ya mviringo inajitokeza ambayo mwanzoni haikuonekana. Diski zilizokatwa tayari ni za kuagiza nje, na usafiri unapita bei ya mzigo. Hapa Lubumbashi mnanunua nini badala yake? Mashine ya kukereza inazunguka mara 900 kwa dakika, perseze ni 2800.

Yaya_Kamalondo
Mdogo wangu, punguza mwendo kwanza, bei tutaongea baadaye. Bakuli la sentimita 25 likizunguka mara 900 kwa dakika, ukingo wake unapita mbele ya diski kwa mita 700 hivi kwa dakika. Diski ya 50 kwa 2800 inaongeza 440 zake. Hapo hukati tena, unachoma. Vijino vya velkro ni plastiki, vinalainika na kulala wakati punje za msasa bado zina makali, kwa hiyo diski inaruka ikiwa nzima. Kitazame kitako kwa pembeni: vijino vya ukingoni vitakuwa vimeshikana na kung'aa, vya katikati bado vimesimama. Kikifika hapo, hata diski mpya haitashika.

Weka mashine kati ya 300 na 500, perseze kati ya 1000 na 1500. Usisukume, uzito wa perseze wenyewe unatosha. Diski itembee polepole kutoka katikati hadi ukingoni na kurudi, isikae mahali pamoja. Gusa mbao kila mara. Ikiwa ya moto, simama. Joto hilohilo linafungua nyufa nyembamba kama unywele kwenye vichwa vya nyuzi, zaidi sana Mei hadi Septemba hewa ikiwa kavu.

Mahali pa kugusa ndani ya bakuli ni robo ya chini iliyo upande wako, pale mbao inaposhuka. Inamisha diski kidogo iguse kwa upande mmoja tu, ule unaokwenda kinyume na mbao. Ukiilaza yote, upande mmoja unakata, mwingine unafuatana na mbao bila kazi, na mkono unavutwa ovyo. Mashine yako ikiweza kuzunguka kinyume, geuza kila unapobadilisha namba, maana nyuzi zilizolazwa upande mmoja zinasimama na kukatwa. Ila kabla ya kugeuza, kaza skrubu inayofunga mandrini (kile kinachoshika bakuli) kwenye shafti. Bila hiyo mandrini inajifungua yenyewe, na bakuli linaondoka nayo.

FundiRuashi
Nakubaliana na yaya. Naongeza kwenye zile sehemu mbili, maana namba 80 haitazitibu.

Bakuli lililokerezwa kwenye ubao wenye nyuzi zilizolala linakutana na patasi kwa namna mbili: mara mbili kwa kila mzunguko makali yanakata vizuri, mara mbili yanapambana na vichwa vya nyuzi na kuvinyanyua. Ukiendelea kusaga hapo, mbao laini ya pembeni inaliwa haraka kuliko vichwa vya nyuzi, na ndani ya bakuli panakuwa na mawimbi. Msasa mnene wa 60 au 80 ukitumika kufanya kazi ya patasi, ndipo pesa zinapoisha. Noa patasi. Paka sehemu hizo varnishi iliyopunguzwa kwa tina nusu kwa nusu, iache ikauke ishike nyuzi, kisha pitisha mikato miwili mitatu myembamba, chini ya nusu milimita. Kama huna varnishi, lowesha kwa maji na ukate papo hapo kabla hayajakauka.

Doa dogo litakalobaki, zima mashine, shika bakuli kwa mkono mmoja, piga kwa perseze peke yake. Usichimbe kwenye doa tu, panua eneo mara tatu au nne ya ukubwa wake. Kishimo cha msasa mkono unakikuta hata kama jicho limekipita.

Mikwaruzo inayotokea baada ya mafuta inatoka kwenye namba ulizoruka. Punje ya P80 ina mikroni (elfu za milimita) 200 hivi, P120 ni 125, P180 ni 82, P240 ni 58, P320 ni 46. Ukitoka 80 ukaenda 180, mifereji ya 80 inabaki chini, inajaa unga wa mbao na kujificha, halafu mafuta yanaifunua. Chora mistari ya penseli ndani ya bakuli kabla ya kila namba na usihame mpaka yote imetoka. Futa kwa brashi kati ya namba na namba, kwa sababu punje moja ya 80 iliyobaki ndani inatosha kuharibu kazi ya 240. Taa iwe pembeni, si juu ya kichwa. Namba ya mwisho ipige mashine ikiwa imezimwa, kwa mkono, ukifuata nyuzi.

Mkinunua, geuzeni karatasi muangalie kama namba ina herufi P, ya kipimo cha Ulaya. Kuna karatasi za kipimo cha Marekani zisizo na P. Hadi 220 tofauti ni ndogo, lakini 320 yao ni sawa na P400, na 400 yao inakwenda P600 na zaidi. Ukichanganya bila kujua, unadhani unapanda ngazi moja kumbe umeruka mbili.

Njanja_Kinkayeri
Sasa bei. Usitafute diski za mabakuli, nenda kwa wanaouza rangi za magari. Mafundi wa bodi wanatumia diski za velkro za milimita 150. Ukizipata zisizo na matundu, diski moja inatoa vipande saba: kimoja katikati na sita kukizunguka. Kata milimita 49, si 50 kamili, vinginevyo hakuna nafasi ya kisu. Zenye matundu sita zinafaa pia, ila vipande vya pembeni vitabeba tundu, na kwenye sponji laini hilo halina shida kubwa. Diski ya 125 inatoa vinne tu, mabaki ni mengi. Kitako kiwe kidogo kuliko diski kwa milimita 2 au 3, ukingo wake usije ukasugua mbao.

Kifaa cha kukatia ni bomba la chuma la kipenyo hicho, lililonolewa kwa nje tu. Weka msasa kifudifudi juu ya gogo lililokatwa vizuri, upande wa velkro juu, piga nyundo mara moja ya nguvu. Ukikata kutoka upande wa punje, bomba linakufa siku hiyohiyo.

Roli la msasa wa velkro la upana wa milimita 115 ni nafuu zaidi kwa kipande, lakini ni hela nyingi kwa mkupuo. Mafundi wanne watano wagawane, kila mmoja achukue mita zake. Nunueni roli la 120 na 180, ndizo zinazoliwa. 320 na 400 karatasi chache zinatosha.

Kwa namba za chini usibane pesa: aluminiamu oksaidi iliyoshikwa kwa rezini. Ile nyeupenyeupe yenye unga wa stearati haizibwi haraka. Karatasi nyeusi ya maji, ya rangi za magari, ni silikoni kabaidi. Kwenye mbao kavu inaziba upesi, na kwenye mbao nyeupe unga wake mweusi unaingia kwenye vinyweleo. Najua wachonga malakaiti (jiwe la kijani) hapa mjini wanaisifu, lakini wao wanafanya kazi na maji.

Bukavu_Nguba
Karatasi za kawaida bila velkro pia zinatumika. Karatasi ya 230 kwa 280 inatoa diski 20 za milimita 50 ukizipanga mistari minyoofu, 25 ukizipanga kwa kupishana, mistari ikifuata upande mrefu. Gundisha karatasi nzima juu ya upande laini wa velkro, ule wenye vitanzi, kwa kole (gundi) ya neopreni: paka pande zote mbili, subiri isinate kidoleni, bandika, gandamiza, kata kesho yake. Mafundi cherehani wanauza velkro ya upana wa milimita 50, upana huo unatosha diski moja.

Pia si lazima kila kitu kiwe na mota. Kichwa kinachozungushwa na bakuli lenyewe kinafanya kazi nzuri kuanzia 180 kwenda juu: beringi mbili za 608 (tundu 8, nje 22), bolti ya M8, mpini wa mbao uliotobolewa 22, na kitako cha tripleksi (plaiwudi) chenye sponji. Ukigusisha pembeni kwa mshazari, kinazunguka chenyewe. Hakichomi sana, na umeme ukishuka una mota moja tu ya kuihofia. Katikati kabisa ya bakuli hakizunguki kwa sababu mbao haina mwendo pale. Maliza kwa mkono.

Yaya_Kamalondo
@Bukavu_Nguba, diski za kole ya neopreni ni za 240 na kuendelea tu. Kwa 80 na 120 joto linailainisha kole na karatasi inateleza juu ya kitambaa. Namba nene zinunuliwe zenye velkro ya kiwandani.

Na kitu ambacho hakuna aliyekitaja: kati ya kitako na diski weka kipande cha akiba, sponji ya milimita 10 yenye vijino upande mmoja na vitanzi upande wa pili. Kikichomeka unatupa hicho, kitako kinabaki. Sponji ya babushi (kandambili) kuukuu inakubali, mradi isiwe ngumu. Diski iliyoziba isafishe ikiwa inazunguka, kwa soli ya mpira wa krepu.

Katuba_Mbao
Asanteni sana, yaya na wote. Je, mashine ya kukatia vyuma, ile ya diski ya 115, haiwezi kubeba kitako cha velkro? Ninayo tayari.

FundiRuashi
Hapana. Inazunguka 11,000 hivi kwa dakika. Velkro itayeyuka kwa sekunde chache, na kitako kilichotengenezwa kwa mkono kinaweza kupasuka. Baki na perseze, ila ipulize vumbi kwenye matundu ya hewa kila jioni. SNEL (shirika la umeme) ikishusha volti na perseze ikaanza kuvuta kwa shida, pumzisha: feni yake inapungua pamoja na mwendo, na mota inaweza kuungua. Usiibane kwa pembeni pia, beringi ya mbele haikuundwa kwa mzigo huo.

Njanja_Kinkayeri
Na barakoa, ndugu, ya FFP2 au zaidi. Kitambaa hakizuii vumbi laini la 240, na vumbi la mbao limeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Kwa mukula kuna jambo jingine: usifute kwa kitambaa chenye mafuta kabla hujapuliza kwa kompresa. Vumbi jekundu linaingia kwenye mbao nyeupe ya nje na kuipaka waridi, na hapo inabidi urudi 180.