Mjadala: Je, mashirika ya haki yanatutungia sera ya wakimbizi kupitia mahakama?

Wapo wanaosema, na baadhi yao ni watu makini, kwamba Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, na wenzake wameigeuza Mahakama Kuu ya Kenya kuwa bunge la pili. Hatukuwapigia kura, wanafadhiliwa kutoka nje, na serikali ikitoa agizo lolote kuhusu wakimbizi wao wako kortini kulipinga. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Tuangalie kesi zenyewe. Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wote wa mijini wahamie kambi za Dadaab na Kakuma. Hao ni watu waliokuwa na kazi, maduka na watoto shuleni Nairobi. Kituo cha Sheria na baadhi ya wakimbizi wakaenda kortini, na Julai 2013 Jaji David Majanja akalifuta agizo hilo. Hakutunga sera yoyote. Alitaka serikali ionyeshe jinsi kuwahamisha watu hao kungepunguza mashambulizi ya kigaidi, nayo haikuonyesha.

Miezi miwili baadaye likaja shambulio la kigaidi kwenye jumba la maduka la Westgate, Nairobi. Machi 2014 agizo likarudi upya, misako ikaanza Eastleigh, mtaa wa Nairobi, watu wakarundikwa uwanja wa Kasarani. Kesi ikapelekwa tena, kwa jaji yuleyule, na safari hii akaitupa. Wanaosema mahakama iko mfukoni mwa mashirika watuelezee hilo.

Halafu Desemba mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000, wakati waliokuwa nchini walizidi laki tano. Waliobaki wangepelekwa wapi, kama si kurudishwa walikokimbia? Majaji watano walikiondoa kifungu hicho Februari 2015, na miongoni mwa waliofungua kesi hiyo ni CORD, muungano wa upinzani wa wakati huo. Hao walipigiwa kura. Mwaka 2017 Jaji John Mativo akabatilisha agizo la kuifunga Dadaab, akisema lilikuwa la kibaguzi dhidi ya Wasomali.

Kinachonikera mimi kuhusu mashirika ni kingine kabisa. Hukumu ikishatoka hufanywa mkutano na wanahabari, kisha kimya. Askari anayemsimamisha mkimbizi barabarani usiku hajaisoma hukumu. Atashika cheti chake, akigeuzegeuze, mpaka apewe chochote. Na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 bado inaipa serikali uwezo wa kumtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa. Kesi imezuia maovu mengi, lakini haijamfungulia mtu wa Kakuma njia ya kwenda kutafuta kazi Eldoret bila kibali. Kazi hiyo iko kwenye kamati za Bunge na vituo vya polisi, na huko mashirika hayasukumi kwa nguvu ileile.

Suala la fedha za wafadhili ni halali kuulizwa, na mashirika yaweke hesabu zao wazi. Ila jaji hapimi ombi kwa kuangalia nani kalipia wakili. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu yeyote kwenda kortini kwa manufaa ya umma, na kufungua kesi ya aina hiyo hakutozwi ada.

Mkimbizi hapigi kura, na hana mbunge wa kumwogopa. Kwa hiyo naomba wanaopinga wajibu moja kwa moja: mngependa kifungu cha 22 kibadilishwe vipi, na mkimbizi akiamriwa kufungasha virago kesho, alalamikie wapi?